Mapengo ya Msuko na Ukinzani wa Safari za Wakati katika Mfululizo wa Michezo ya Video wa The Legend of Zelda

Ikisiri

Makala hii inahakiki mjadala wa muda mrefu kuhusu mapengo ya msuko katika mfululizo wa michezo ya video wa The Legend of Zelda. Mjadala huo umejikita katika safari za wakati za mhusika mkuu, Link, hasa katika Ocarina of Time (1998), na katika juhudi za watunzi na wachezaji kuyaunganisha masimulizi ya mfululizo mzima katika historia moja. Hoja kuu ni kwamba neno "pengo" limetumika kufunika mambo matatu yasiyofanana: ukimya wa matini, mgongano wa kanuni za mchezo na hadithi, na ukinzani halisi. Mambo hayo yakitenganishwa, hitilafu nyingi zinazotajwa hazibaki kuwa hitilafu. Zilizo chache zinabaki, na hizo hazitatuliki kwa maelezo yanayoletwa kutoka nje ya matini.

1.0 Utangulizi

Mchezo wa kwanza wa mfululizo huu ulitolewa na kampuni ya Nintendo nchini Japani mwaka 1986, chini ya Shigeru Miyamoto na Takashi Tezuka. Tangu hapo kila mchezo mpya, isipokuwa michache inayofuatana moja kwa moja, humleta Link mwingine na binti mfalme Zelda mwingine, katika nchi ya Hyrule au pembezoni mwake, na mara nyingi dhidi ya adui yuleyule, Ganon, anayeitwa Ganondorf anapokuwa na umbo la binadamu. Mpangilio wa kutolewa kwa michezo si mpangilio wa matukio yanayosimuliwa: mchezo uliotoka baadaye unaweza kusimulia yaliyotangulia. Tofauti hiyo kati ya wakati wa hadithi na wakati wa usimulizi, ambayo Gérard Genette aliifafanua mwaka 1972, ndiyo iliyozaa swali la kwanza la wachezaji: ipi ilianza, na ipi ilifuata?

Ocarina of Time ililigeuza swali hilo. Baada ya mhusika kusafiri kati ya utoto na utu uzima wake, wasomaji wa mfululizo hawakubishana tena juu ya mpangilio pekee, bali pia juu ya uwezekano. Wapo walioshikilia kuwa historia ya Hyrule ni mstari mmoja, na wapo walioona kuwa imegawanyika. Mwezi Desemba 2011 kitabu rasmi cha Hyrule Historia kilichapishwa Japani kikiwa na mchoro wa historia yenye matawi matatu. Wengi walitarajia kuwa mchoro huo ungeumaliza mjadala. Haukuumaliza, na makala hii inajaribu kuonesha sababu.

2.0 Mkabala wa Uhakiki

Aristotle, katika mjadala wake wa ushairi, alipendelea jambo lisilowezekana lakini linaloaminika kuliko linalowezekana lakini haliaminiki. Kigezo hicho kinafaa hapa, kwa kuwa safari ya wakati yenyewe haiwezekani. Linalohukumiwa ni iwapo matini inaheshimu masharti iliyojiwekea. David Lewis, katika makala yake ya mwaka 1976 kuhusu paradoksi za kusafiri katika wakati, alitofautisha wakati wa nje na wakati binafsi wa msafiri. Kwa mtazamo wake, msafiri anaweza kushiriki katika jambo lililokwisha kutokea, lakini hawezi kulibadilisha. Jambo likitokea limetokea, hata kama aliyelisababisha alitoka siku zijazo. Kwa upande wa michezo ya video, Jesper Juul (2005) alionesha kuwa ulimwengu wa mchezo mara nyingi haushikamani kikamilifu, kwa sababu baadhi ya matukio yake hufafanuliwa kwa kanuni za mchezo tu. Mhusika anapokufa na kuanza tena, hakuna anayedai kwamba hadithi inasimulia ufufuo.

Kutokana na misingi hiyo, makala inatumia maswali matatu. Kwanza, je, matini ina taarifa mbili zisizoweza kuwa kweli kwa pamoja, au imenyamaza tu? Pili, ikiwa zipo, je, mojawapo ni ya kanuni za mchezo na si ya hadithi? Tatu, je, matini inayabeba matokeo ya tukio lenye utata, au inalipita kana kwamba halikutokea? Swali la tatu ndilo lenye uzito zaidi. Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili, ambao umekwisha kuzisoma Nagona na Mzingile za Euphrase Kezilahabi bila kuzidai wakati ulionyooka, unafahamu kuwa kuvunjika kwa wakati si kosa kwa kuwa kumevunjika. Huwa kosa pale kuvunjika huko kunapokuwa hakuna kazi.

3.0 Nyakati Tatu Ndani ya Mchezo Mmoja

Katika Ocarina of Time, Link akiwa mtoto anauchomoa upanga katika Hekalu la Wakati. Kwa kuwa umri wake haujatosha kuwa shujaa, analazwa usingizi wa miaka saba. Anapoamka, Ganondorf ameingia katika Milki Takatifu na kuitwaa nchi. Kuanzia hapo, kuurudisha upanga mahali pake humrudisha Link utotoni, na kuuchomoa tena humfanya mtu mzima. Mjadala mwingi umechukulia kuwa safari hizi zote zina kanuni moja. Uchunguzi wa matukio unaonesha kanuni tatu.

3.1 Wakati uliofungwa: Wimbo wa Dhoruba

Katika kijiji cha Kakariko, Link mtu mzima anamkuta mpiga muziki ndani ya kinu cha upepo akiwa na hasira. Miaka saba iliyopita, anasema, mtoto mmoja mwenye okarina aliupiga wimbo uliokivuruga kinu. Mtu huyo anamfundisha Link wimbo huo. Link anarudi utotoni, anaupiga ndani ya kinu, kinu kinazunguka kwa kasi na maji ya kisima yanakauka. Mtoto aliyelalamikiwa ni yeye mwenyewe. Link alijifunza kutoka kwa mtu wa kinu, na mtu wa kinu alijifunza kutoka kwa Link. Nani aliutunga?

Tukio hili hutajwa mara nyingi kama pengo mashuhuri la mchezo, lakini kwa swali la kwanza halina ukinzani. Hakuna taarifa mbili zinazopingana: mtoto aliupiga wimbo mara moja, mtu mzima aliusikia habari zake mara moja. Lewis alikubali kwamba mzunguko wa namna hii una jambo lisiloelezeka, yaani asili ya ujuzi uliomo ndani yake, ila alisisitiza kuwa kutoelezeka si kutowezekana. Wimbo huu ni kitanzi, na kitanzi hakina ncha.

3.2 Wakati unaobadilika: maharagwe ya miujiza

Hali ni tofauti kwa maharagwe ya miujiza. Link mtoto anaweza kuyanunua na kuyapanda katika udongo laini sehemu mbalimbali za Hyrule. Akiwa mtu mzima atakuta mmea ambao jani lake humbeba angani. Lakini mchezaji anaweza kufika mahali hapo akiwa mtu mzima kabla ya kupanda chochote, asikute mmea wa kumbeba. Kisha anarudi utotoni, anapanda, anauchomoa upanga tena, na mmea upo. Wakati uleule wa nje umekuwa na hali mbili. Kwa mantiki ya kinu cha upepo jambo hili haliwezekani: kama Link angekuja kupanda, mmea ungekuwapo tangu alipofika mara ya kwanza.

Huu ni ukinzani, na wanaoutetea mchezo kwa kusema kuwa kila kitu ndani yake ni kitanzi kimoja hawajauzingatia. Hata hivyo, swali la pili linautia mahali pake. Wimbo wa Dhoruba upo katika njia ambayo hadithi inampitisha mchezaji ili aingie chini ya kisima, ilhali maharagwe ni ya hiari. Pale hadithi inapoamuru, wakati umefungwa kwa kuwa mtunzi anajua kitakachotendwa. Pale mchezaji anapoachwa huru, wakati unabadilika kwa kuwa mtunzi hajui. Mtunzi wa riwaya hakabiliwi na tatizo hili, kwani mhusika wake hapandi asichopandishwa. Ukinzani wa maharagwe ni gharama ya uhuru wa mchezaji. Kuuita pengo la hadithi ni kuipa hadithi deni la kanuni za mchezo.

3.3 Wakati unaogawanyika: kitendo cha Zelda

Kanuni ya tatu hujitokeza mwishoni. Baada ya Ganon kushindwa na kufungiwa na wenye hekima, Zelda anaichukua okarina na kumrudisha Link utotoni, ili aipate miaka aliyoipoteza. Kisha mchezo unaonesha mambo mawili. Watu wa Hyrule wanasherehekea ukombozi wao katika wakati wa utu uzima, na Link mtoto anamkuta Zelda mtoto katika bustani ya ikulu. Ikiwa Link amerudi na kumwonya Zelda, Ganondorf hataitwaa nchi; ikiwa hakuitwaa, wanaosherehekea wanasherehekea nini?

Matini ya mwaka 1998 haijibu. Hata hivyo, picha zote mbili zimewekwa ndani yake, na kila moja ni ya kweli kwa wale waliomo. Usomaji wenye ushahidi zaidi ni kwamba kitendo cha Zelda hakikubadilisha wakati wala hakikufunga kitanzi, kiliugawa. Ukimya wa matini hapa una maana. Zelda anampa Link zawadi, lakini gharama yake inalipwa na watu wasioulizwa: nchi ya watu wazima inabaki na amani bila shujaa, na shujaa anabaki na utoto usio na shahidi. Maji yakimwagika hayazoleki. Zelda ameyazoa, lakini kwa kuwahamishia wengine ukavu.

4.0 Michezo Iliyofuata: Kubeba Matokeo na Kuyakwepa

Thamani ya ukimya huo inapimwa kwa yaliyofuata. Katika Majora's Mask (2000), mtoto huyohuyo anasafiri kumtafuta rafiki aliyeachana naye na kujikuta katika nchi ya Termina, ambayo itaangukiwa na mwezi baada ya siku tatu. Anairudia siku ya kwanza kila mara, na kila aliyemsaidia anamsahau. Wanaotafuta mapengo wamezoea kutaja benki ya Clock Town: fedha zilizowekwa huko hazipotei siku zinaporudishwa nyuma, ilhali zilizomo mfukoni mwa Link hupotea. Mwenye benki humgonga mteja muhuri wa wino, na muhuri huo husafiri naye. Maelezo hayo hayatoshi, kwani muhuri ni kumbukumbu ya deni, na siku ya kwanza fedha zenyewe hazijawekwa. Kwa swali la pili, hata hivyo, benki ni kanuni ya mchezo iliyovikwa joho la hadithi ili mchezaji asikate tamaa. Kilicho cha hadithi ni kusahauliwa, na hicho mchezo unakitendea haki kuanzia mwanzo hadi mwisho.

The Wind Waker, iliyotoka Japani mwaka 2002, inaushika upande wa pili wa mgawanyiko. Humo inasimuliwa kuwa Ganon alirudi, watu wakamngoja shujaa, shujaa hakuja, na miungu ikaigharikisha Hyrule. Sehemu ya Triforce iliyokuwa ya Link, yaani ya ujasiri, ilivunjika vipande vinane alipoondoka katika nchi ile. Huu ndio mfano bora katika mfululizo mzima wa matini inayobeba matokeo. Swali la waliosherehekea mwaka 1998 linajibiwa kwa gharika: walikuwapo, waliachwa, na kuachwa kwao kulikuwa na bei. Aliyeliona pengo mwaka 1998 hakukosea. Alichokiona kilikuwa shimo la msingi wa jengo ambalo halijajengwa.

Twilight Princess (2006) inafuata upande wa mtoto. Ganondorf anakamatwa na kuhukumiwa kifo, lakini wakati wa kuuawa inadhihirika kuwa anayo Triforce ya nguvu, na anamuua mmoja wa wenye hekima. Tatizo ni dhahiri. Katika Ocarina of Time, Ganondorf aliipata sehemu hiyo kwa kuingia Milki Takatifu baada ya Link kuifungua njia. Katika upande huu Link alirudi akiwa na onyo, na mchezo hausimulii Ganondorf akiingia huko. Wenye hekima wanalitaja jambo hilo kama mzaha wa miungu. Watetezi wanasema kuwa Triforce iligawanyika kwa kuwa Link alirudi na sehemu yake. Dai hilo linagongana na The Wind Waker, ambamo sehemu ya ujasiri ilibaki nyuma, isipokuwa ikubalike kuwa kitu kitakatifu kinaweza kuwa pande mbili kwa mara moja. Na likikubalika hilo, halijasemwa na mchezo wowote kati ya hiyo miwili. Hiki si ukinzani kamili, kwa kuwa matini inakiri kutojua. Ni kiraka, na kiraka kinachoonekana ni cha heshima zaidi kuliko kinachofichwa.

5.0 Tawi la Tatu na Mamlaka ya Kitabu

Hyrule Historia ilithibitisha pande hizo mbili, kisha ikaongeza tawi ambalo wachezaji wengi hawakulitarajia: historia ambamo Link alishindwa katika pambano la mwisho, Ganon akaichukua Triforce nzima, na wenye hekima wakamfungia kama njia ya mwisho. Chini ya tawi hilo iliwekwa A Link to the Past (1991) na michezo ya mwanzo.

Haja ya tawi hili ilikuwa ya kweli. Masimulizi ya mwaka 1991 yalieleza vita vya zamani ambavyo wenye hekima walimfungia Ganon mwenye Triforce nzima, bila shujaa wa kuushika upanga. Ocarina of Time ilisogea karibu na vita hivyo, ila ndani yake shujaa yupo, anashinda, na Ganondorf hana zaidi ya sehemu moja. Taarifa hizo haziwezi kuwa za tukio moja. Kitabu kiliutatua ukinzani huo kwa kuvifanya vita kuwa viwili.

Swali ni namna kilivyoutatua. Matawi mawili ya kwanza yana chanzo ndani ya hadithi: mhusika alitenda jambo, na dunia ikagawanyika. Tawi la tatu halina kitendo cha namna hiyo. Link kushindwa ni tukio ambalo mchezaji amelishuhudia mara nyingi, na kila mara alilichukulia kama kanuni ya mchezo: akaanza tena. Kitabu kimelichukua tukio la kanuni na kulifanya tukio la hadithi, lakini mara moja tu. Kama kufa mbele ya Ganon kunazaa historia, kwa nini kufa mbele ya adui wa kawaida kusizae? Na kwa nini kushindwa kwa mashujaa wengine, katika michezo mingine, hakukuzaa chochote? Hakuna jibu linaloweza kutolewa bila kusema kuwa tawi lilihitajika. Hiyo ni sababu ya mhariri, si sababu ya hadithi.

Kwa hiyo mjadala haukufungwa kwa kuwa kitabu kilijibu swali ambalo si lile lililoulizwa. Wachezaji waliuliza jinsi matukio yanavyosababishana; mchoro uliwaonesha jinsi michezo inavyopangwa. Breath of the Wild (2017) imekuja baadaye, mbali sana na matukio ya michezo iliyotangulia, bila kufungwa chini ya tawi lolote kati ya hayo matatu. Tukio hilo linaonesha kuwa hata watunzi waliona mchoro unabana.

6.0 Pengo Halisi: Skyward Sword

Ingekuwa upendeleo kuhitimisha kuwa kila hitilafu ina utetezi. Skyward Sword (2011), inayosimulia asili ya upanga na ya uadui wote, ina hitilafu isiyopita maswali yoyote matatu. Katika mchezo huo wahusika huvuka kwenda zama za kale kupitia Lango la Wakati. Mwishoni Zelda anampa Impa bangili kabla ya kuziacha zama hizo, na inadhihirika kuwa bibi kizee aliyemwongoza Link tangu mwanzo ni Impa huyohuyo, mwenye bangili ileile. Bangili ni kitanzi kilichofungwa vizuri: yaliyotokea kale yalikuwa yametokea tangu mwanzo.

Lakini katika sehemu hiyohiyo ya hadithi, Link analiangamiza umbile la Demise katika zama zake. Mtumishi wake, Ghirahim, anamteka Zelda, anavuka Lango na kumwamsha Demise katika zama za kale. Link anamfuata, anamshinda na kuyafungia mabaki yake ndani ya upanga. Ikiwa Demise alimalizwa kale, umbile lake lililokuwa limefungwa ardhini, ambalo Link alipambana nalo mara kadhaa katika zama zake, lilitoka wapi? Bangili inadai wakati usiobadilika, na kushindwa kwa Demise kunadai wakati uliobadilika. Yote mawili ni ya hadithi, yote mawili ni ya lazima kwa mchezaji, kwa hiyo kanuni za mchezo haziwezi kulaumiwa. Wala matini haibebi matokeo: zama za Link hazitikisiki, na hakuna anayeuliza. Hapa neno "pengo" linastahili kutumika bila kusitasita.

7.0 Hitimisho

Makala imeonesha kuwa mapengo yanayotajwa katika mfululizo huu hayana uzito sawa. Wimbo wa Dhoruba ni kitanzi kisicho na ukinzani. Maharagwe na benki ni mahali ambapo uhuru na faraja ya mchezaji vinagongana na hadithi. Mwisho wa Ocarina of Time ni ukimya uliogeuka kuwa dhamira pale The Wind Waker ilipoulipia. Triforce ya Ganondorf katika Twilight Princess ni kiraka kilichokiriwa. Tawi la tatu ni urekebishaji unaofaa kwa mpangilio lakini usio na chanzo katika kitendo. Na kushindwa kwa Demise ni pengo halisi.

Matokeo haya yana maana kwa uhakiki wa michezo ya video kwa jumla. Kigezo kinachotumika mara nyingi, yaani iwapo matukio yote yanaweza kupangwa katika mchoro mmoja, kinaipa nafasi ya juu kazi iliyonyamazisha maswali na kuishusha kazi iliyoyaacha wazi. Kigezo cha kubeba matokeo kinageuza mpangilio huo. Kwa kigezo hicho, bahari iliyotanda juu ya Hyrule inalijibu swali la mwaka 1998 kwa ukamilifu zaidi kuliko mstari uliochorwa mwaka 2011, kwa sababu bahari inaonesha ni nani aliyelipa.